Ahadi Aliyoivunja Khalayi

Jogoo wa jirani alipowika, Khalayi alikuwa ameshafukua makaa kwenye majivu na kuyapuliza. Alichota maji kisimani, akapika uji wa wimbi, akammiminia mama yake kwenye kikombe cha bati. Kisha, kabla ya kuvaa sare ya shule, alichungulia chini ya blanketi kumtazama ndugu yake. Kazi hiyo ya mwisho hakuna aliyemtuma.

Khalayi alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na karibu muda wote huo alikuwa mtoto pekee. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Wazazi wake, Masinde na Nabwire, walikuwa wamehamia Lugari kwenye shamba lililokuwa la mzungu, wakapata ekari chache za mahindi. Majirani walikuwa wameacha hata kuuliza habari za mtoto wa pili. Ndipo Sifuna akazaliwa, siku ya mvua kubwa, mikononi mwa mama mzazi wa Masinde. Khalayi alimwita bibi huyo Kukhu, kama watoto wote wa Kiluhya wanavyowaita bibi zao. Masinde mwenyewe alifanya kazi ya barabara mjini Kakamega, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi tu.

Kukhu alikuwa ametoka Musanda kuja kumsaidia mkaza mwanawe. Alikuwa mchapakazi, lakini ulimi wake ulikuwa mkali kuliko jembe lake. Siku moja alisimama nje na jirani, akasema kwa sauti, "Sisi tulikuwa tunazaa leo, kesho tunalima. Hawa wa siku hizi wakizaa tu, wanalala kama walioangukiwa na mti."

Nabwire aliyasikia maneno hayo akiwa kitandani. Khalayi alimwona akifumba macho.

Siku chache baadaye, Khalayi alipokuwa akimpokea mtoto, mkono wake uligusa mkono wa mama. Ulikuwa wa moto kama jiwe la mafiga.

"Mama, unaumwa," alisema.

"Ni homa ya mvua. Itapita."

"Nimwite Kukhu?"

Nabwire alimshika kifundo cha mkono, akakikaza. "Usimwambie Kukhu. Atasema nategea kazi. Niahidi, mwanangu."

"Naahidi, mama."

Tangu hapo nyumba ikawa na siri, na siri hiyo ilitaka kulishwa. Kukhu alichinja kuku, akampikia mzazi mchuzi mzito pamoja na obusuma, ugali wa mtama. Nabwire alionja kidogo, akaisukuma sahani kwa binti yake. "Kula wewe. Akute sahani tupu."

Nyama ya kuku, ambayo siku nyingine Khalayi angeililia, ilimkwama kooni. Lakini aliimaliza. Kukhu alipokuja kuchukua sahani alifurahi. "Vizuri. Anakula. Maziwa yatajaa," alisema. Khalayi alitazama sakafu.

Maziwa hayakujaa. Sifuna alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena. Sauti yake ikawa nyembamba kama ya paka mchanga. Kukhu alimpakata, akamwangalia Khalayi kwa muda mrefu.

"Mama anakula, mtoto ana njaa. Hii imekaaje?"

"Labda tumbo linamsokota, Kukhu," Khalayi alijibu.

Mpaka hapo alikuwa amenyamaza tu. Sasa alikuwa amesema uongo kwa kinywa chake mwenyewe, na usingizi wake ukawa wa kushtukashtuka.

Asubuhi iliyofuata Kukhu alikwenda kupalilia upande wa mbali wa shamba. Khalayi alikuwa akifunga vitabu vyake. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na moto, akitetemeka, mtoto mapajani.

"Nekesa," Nabwire alisema taratibu, "funga lango. Ng'ombe wanaingia kwenye wimbi."

Khalayi alisimama kama aliyepigwa. Hawakuwa na ng'ombe. Na Nekesa alikuwa mdogo wake mama, aliyefariki kabla Khalayi hajazaliwa.

"Mama, ni mimi."

Nabwire hakusikia. Mikono yake ililegea, na Sifuna akaanza kuteleza kuelekea mafigani. Khalayi aliruka, akamdaka. Ncha ya blanketi ilikuwa imeshaanza kutoa moshi. Aliikanyaga, akamkumbatia mtoto kifuani.

Kilio cha mtoto kilimzindua mama. "Nipe mwanangu," alisema.

"Hapana, mama." Hakuwahi kumjibu mama yake hivyo. "Naenda kumwita Kukhu."

"Khalayi. Uliniahidi."

Midomo ya Nabwire ilikuwa imekauka na kupasuka, na macho yake yalimwomba. Khalayi alisita mlangoni. Akisema, mama ataaibika mbele ya mkwewe, na pengine hatamwamini tena. Asiposema, mama aliyeanza kulisahau jina lake huenda asimwite tena kwa jina lolote.

Alimfunga Sifuna mgongoni kwa leso, akakimbia. Majani ya mahindi yenye umande yalimchapa usoni hadi alipomfikia bibi yake.

"Kukhu, mama anaumwa sana. Anaumwa tangu juma lililopita. Yule kuku nilimla mimi."

Kukhu hakumgombeza. Aliliacha jembe palepale udongoni, akaenda kwa haraka ambayo Khalayi hakujua kuwa miguu ile inaiweza. Ndani ya nyumba aliweka kiganja juu ya tumbo la Nabwire, na Nabwire akaguna kwa maumivu. Kukhu alifunua nguo, akanusa, uso wake ukabadilika.

"Homa hii naijua," alisema. "Ilimchukua dada yangu alipojifungua. Khalayi, mkimbilie Chemutai. Mwambie alete mkokoteni na ng'ombe, sasa hivi."

Chemutai, jirani yao Mnandi, hakuuliza maswali. Walimlaza Nabwire juu ya majani makavu mkokotenini, wakashika njia ya zahanati. Mvua ilikuwa imeigeuza njia kuwa tope. Khalayi alimpakata mama yake kichwa, akawa anamuuliza, "Mama, mimi ni nani?"

"Khalayi," mama alijibu.

Walipofika kwenye kijito, gurudumu lilizama. Chemutai alivuta ng'ombe kwa hatamu, lakini mkokoteni haukusogea. Kukhu alishuka ndani ya tope lililomfika magotini, akaweka bega kwenye mbao na kusukuma, pumzi zikimtoka kwa mikoromo.

"Mama, mimi ni nani?"

Safari hii mama hakujibu.

"Sukumeni," Khalayi alisema. "Tafadhali sukumeni."

Gurudumu lilijinasua. Walifika zahanati wote wakiwa rangi ya udongo.

Walingoja kwenye benchi. Sifuna alilia mpaka mama mmoja mwenye mtoto mchanga akamnyonyesha kwa huruma. Hatimaye muuguzi, jina lake Priscah, alitoka nyuma ya pazia.

"Kipande cha kondo la nyuma kilibaki tumboni, kikaoza," alisema. "Tabibu amekitoa, na tumempiga sindano. Mzazi akipata homa au maumivu ya tumbo, aletwe siku hiyohiyo. Mngengoja hadi kesho, mngerudi na mtoto peke yake."

Homa haikushuka upesi. Kukhu hakutoka kando ya kitanda. Alimkanda Nabwire kwa kitambaa cha maji, akamlisha uji kijiko kwa kijiko. Asubuhi moja Nabwire alifungua macho, akaomba apewe mtoto.

"Kwa nini hukuniambia?" Kukhu alimuuliza.

"Niliogopa, mama. Nilisikia uliyomwambia jirani."

Kukhu aliinamisha kichwa. "Basi ni ulimi wangu uliofunga kinywa chako. Nisamehe, mwanangu. Hata mimi nilipozaa nilikuwa nikiumwa. Nililima kwa sababu hakuna aliyeniambia nipumzike."

Khalayi alikuwa amesimama mbali, akiogopa kusogea. "Mama," alisema, "niliivunja ahadi."

"Njoo hapa," Nabwire alimwambia, akamshika mkono. Mkono wake sasa ulikuwa na joto la kawaida. "Ile ahadi sikupaswa kukuomba. Ulinipenda ulipoivunja."

Kukhu alimvuta mjukuu wake ubavuni. "Wazee walisema mficha maradhi, kilio humfichua," alisema. "Siri ya furaha itunze, hata mwaka mzima. Lakini siri inayomwumiza mtu ni kama moto kwenye paa la nyasi. Hata ukiapishwa, usikae nayo. Mtafute mtu mzima unayemwamini, umwambie. Wa kwanza asipokusikia, mwambie wa pili, mpaka apatikane wa kukusikia."