Aliyebaki Chumba cha Tatu

Jua lilikuwa linazama Fawziya alipomwacha mama yake garini na kuingia na nguo safi za kaka yake. Nyumba ya wagonjwa wa akili ilikuwa nje kidogo ya mji wa Ibra, saa mbili kutoka Maskati: kuta za udongo, ukumbi mrefu, vyumba sita vya milango ya chuma. Leo, alhamdulillahi, anamtoa Hashil.

Ilikuwa mwaka tisini na nne. Humo wagonjwa waliogeshwa alasiri kwa maji ya mfereji wa falaji, wakapewa tende, kisha minyororo mpaka alfajiri. Hashil aliingia kwa kukosa usingizi. Alibakishwa miezi minane, maskini, kwa kusema Kiswahili. Kwao, watu waliorudi kutoka Unguja, ndiyo lugha ya nyumbani. Kwa mwalimu wa pale, aliyewasomea wagonjwa dua, ilikuwa lugha ya majini. Kila neno, fimbo.

"Kapona," alinong'ona Ghanim, mshika funguo. "Siku tatu hajaisema."

Hashil akatolewa chumba cha pili, ndevu zimechanwa, ananuka ubani.

"Kaka'angu, hujambo?"

 Akajibu kwa Kiarabu cha mabedui, kile cha jangwani kabisa, kuwa haelewi anachoambiwa.

Kiarabu hicho Hashil hakukijua kamwe.

"Fau..."

Sauti ilitoka chumba cha tatu. Mle alifungwa mzee wa kibedui, bubu wa miaka mingi, asiyewahi hata kuiona Maskati.

"Fau, ni mimi. Huyo usimchukue. Nimeamka juzi nimo humu... mikono hii si yangu."

Kiswahili cha mjini Unguja, kilichonyooka. Na aliyekuwa akimwita Fau ni Hashil peke yake.

"Jini limehamia huku," akasema Ghanim, akachukua fimbo.

Fawziya alimng'ang'ania mkono. Akasukumwa nje, akakimbilia gari. Mama yake alikuwa keshamkumbatia yule mwenye sura ya mwanawe, analia kwa furaha.

"Mama, si yeye huyu. Hashil yumo ndani, kaniita."

 Mama akamgeukia bintiye.

"Na wewe yamekuanza?" akauliza taratibu.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, anasubiri jibu. Nyuma yake kilikuwapo chumba cha pili, sasa kitupu, mlango wazi. Ndani fimbo ilikuwa ikishuka, na sauti ikiita Fau, Fau.



"Hapana, mama," akasema. "Nimechoka tu."

Akapanda gari, akakaa karibu na yule mtu, akapandisha kioo.