Barua Tamu ya Mjomba

Wazazi wenzangu, nanyi walimu mnaoshika kalamu kwa ajili ya watoto wa watu, sogeeni karibu. Haya yaliipata nyumba moja iliyokuwa na amani yake.

Jioni hiyo mama alikuwa kwenye cherehani, bintiye akipiga pasi sare. Kaka yake mama, mwalimu wa kemia aliyewatunza tangu shemeji yake afariki, alikaa mezani mbele ya karatasi tupu. Shule ya vipaji, ile inayochukua wachache kati ya mamia wanaoomba, ilitaka barua ya mwalimu anayemjua binti huyo.

"Kaka, mpambe huyo," mama alisema bila kuinua macho. "Wenzako wanawapamba hata wasiojua kushika kalamu."

"Niachie mimi. Nikimaliza, hata wewe mama yake hutamtambua."

Wakacheka. Akaandika kwamba mpwa wake ni hodari kuliko wote aliowahi kuwafundisha, mzoefu wa maabara, anayechanganya kemikali bila kuelekezwa. Maabara ipi? Chumba chenye jina hilo shuleni kwao kilikuwa stoo ya madawati mabovu.

Alipoisoma kwa sauti, pasi ilisimama.

"Mjomba, lakini mimi sijawahi kushika hata chupa ya asidi."

"Utajifunzia huko huko. Nani atauliza?"

Binti akaendelea kupiga pasi. Angembishiaje mjomba aliyemlea?

Nafasi ikapatikana, majirani wakaja kupongeza. Haukupita muda, binti akapiga simu, akiongea kwa kunong'ona.

"Mjomba, mwalimu amelisomea darasa zima barua yako. Sasa kaniweka na wale waliokwisha kuzoea maabara. Nimwambie ukweli?"

Mjomba alijifikiria mwenyewe. Ukweli ukisemwa, jina lake litapakwa matope.

"Usiseme kitu. Tazama wenzako wanavyofanya, ufuatishe."

Ndugu zangu, mlango wa kurudi nyuma ulikuwa bado wazi, akaufunga kwa mkono wake mwenyewe. Tangu hapo hakutulia. Simu ikilia, hutazama kwanza ni nani. Dada yake akiuliza habari za mtoto, yeye hubadilisha mazungumzo.

Siku simu ilipolia akiwa darasani, aliiangalia ikitetemeka juu ya meza, akaweka chaki chini, akapokea. Ilikuwa shule ya vipaji.

Binti alikuwa ameambiwa azimue asidi, yaani aipunguze ukali kwa maji, kwa ajili ya kundi lake. Wenzake walikuwa wamempa mgongo, hakuwa na wa kumfuatisha. Akamimina maji ndani ya asidi, badala ya asidi ndani ya maji, miwani ya kinga akiwa ameipachika kwenye paji la uso. Ikachemka na kumrukia machoni.

Hospitalini, mkuu wa shule ya vipaji alimvuta mjomba pembeni ya korido.

"Mwalimu, hakuwahi kuingia maabara?"

"Hakuwahi," mjomba alijibu.

"Tuna darasa la wanaoanza. Kila mwaka tunapokea watoto wa namna hiyo. Kwani hakuna ulichokiona kwake kwa macho yako?"

"Aliweka misumari kwenye makopo matatu," mjomba alisema kwa shida. "Moja la maji, moja la mafuta, moja kavu. Mvua zote aliichungulia, ajue kutu inatoka wapi. Niliona ni mchezo wa kitoto."

"Huyo ndiye tuliyekuwa tunamtafuta," mkuu akasema.

Jicho la kushoto lilipona. La kulia halikuona tena. Mama hakumfokea kaka yake. Aliacha tu kumwita kaka. Binti alirudi shule, safari hii kwa wanaoanza.

Na wiki hiyo hiyo, baba mmoja alibisha hodi kwa mjomba, uso umejaa tabasamu, mwanawe nyuma yake.

"Mwalimu, tuandikie na sisi barua tamu kama ile ya mpwa wako."

Mafunzo ya hadithi hii

Mwalimu, ukimwandikia mtoto, andika ulichokiona. Kitendo kimoja cha kweli, kilichoelezwa vizuri, kinamtambulisha kuliko rundo la sifa. Asichokijua nacho kiseme, ili wanaompokea wajue pa kumshika mkono. Mzazi, usidai mwanao apambwe. Na mtoto akikuuliza, "Niseme ukweli?", mjibu ndiyo, hata kama ukweli huo utakuaibisha wewe.