Habari za Wakulima wa Magole

Mwaka 2003 Magreti alikuwa na chumba cha kuchapa barua hapo Magomeni, mjini Kilosa. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu. Kwa miaka mitano alikuwa akiingiza humo habari za wakulima wa kijiji cha Magole: jina, ukubwa wa shamba, mavuno, na magunia yaliyobaki ghalani. Mnunuzi wa mahindi akija, Magreti alijua ampeleke kwa nani.

Siku moja alikuja mtu wa kampuni kutoka Dar es Salaam. Alitaka kompyuta hiyo pamoja na vyote vilivyomo, kwa laki sita. Lazaro, mume wa Magreti, alikubali papo hapo. Mashine kama ile, alisema, haifiki hata laki mbili. Gari lingeifuata Alhamisi.

Magreti alianza kuogopa. Kwa nini mtu alipe mara tatu? Jumatano alipanda basi hadi Mikumi, kwa Mwalimu Yudith aliyemfundisha kompyuta.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona huna raha?"

Magreti alimweleza. Mwalimu akauliza kama kuna mwingine mwenye habari zile, kama ni sahihi, na kama ni za karibuni. Hakukuwa na mwingine. Zilikuwa sahihi, na za mwezi uleule.

"Basi hanunui mashine," Mwalimu alisema. "Kampuni nyingi za siku hizi thamani yake haiko kwenye majengo wala mitambo. Iko kwenye habari zilizo nazo, na faida inayoweza kupatikana kwa habari hizo. Huyu akijua ghala la nani ni tupu, atajua nani atauza mahindi yakiwa bado shambani, kwa bei yoyote. Wakulima wenyewe wamekubali?"

Magreti aliinama. Hakuwa amewauliza.

Lazaro alipoambiwa hakupenda kurudi nyuma. Alikuwa ameshatoa neno lake. Lakini gari lilipofika na yule mtu wa kampuni, alisema mashine wachukue. Habari zimehamishiwa kwenye diski, nazo si mali yake na Magreti peke yao.

"Mashine tupu niifanyie nini?" mgeni aliuliza. Akaondoka.

Magreti alikwenda Magole kuwaeleza wakulima. Wengine walimkasirikia. Mwishowe walikubaliana: wanunuzi wauziwe idadi tu ya magunia yote ya kijiji, majina yasitoke, na mapato wagawane. Mzee Tomasi alikataa kabisa. Alifika Kilosa mwenyewe, akasimama nyuma ya kiti cha Magreti mpaka jina lake lilipofutwa.

Msimu ule wanunuzi watatu walilipia kuijua idadi hiyo, wakaja Magole kushindana. Mahindi yaliuzwa yakiwa makavu, ndani ya magunia, kwa bei waliyoitaja wakulima.