Karatasi ya Kumi na Moja

Saa saba na robo mchana, Burulai alisukuma mlango wa maktaba ya shule akaganda kizingitini. Sanduku aliloliacha juu ya kabati lilikuwa mezani, utepe wake umekatwa kwa kisu, mdomo wazi. Alizihesabu karatasi, akazihesabu tena. Kumi. Alipokwenda kula zilikuwa kumi na moja.

Hakuwa na haja ya kuuliza ipi imetoweka. Alipekua zote: "Nimekula uji." "Nimekula mkate na siagi." "Sijala, nimechelewa kuamka." Ile moja haikuwemo.

"Inspekta!" aliita. "Njoo upesi!"

Temirlan, kijana wa polisi wa wilaya, alikuja mbio huku akifuta mafuta ya nyama mdomoni. Alitazama sanduku, akapiga mluzi.

"Mwalimu, siku tatu tuko pamoja, na bado unaniita Inspekta. Jina langu lina miiba?"

"Kaka mkubwa wa mume wangu alikuwa na jina kama lako, na kwetu mke halitamki. Nina miaka thelathini sijalitamka, hata sasa akiwa kaburini. Acha maneno. Ile karatasi imeibiwa."

Uso wa kijana ulibadilika.

Hiyo ilikuwa siku ya tatu ya mafunzo katika mji mdogo wa Ak-Terek, mkoani Naryn. Watu kumi na mmoja, walimu wanane, muuguzi mmoja, kocha mmoja na polisi mmoja, walikuwa wakifundishwa namna ya kuwakinga watoto na vijana dhidi ya watu wazima wanaowanyemelea. Asubuhi ile Burulai aliwapa zoezi. Kila mmoja alipewa karatasi ya aina moja na kalamu ya aina moja. Mwenye wasiwasi juu ya mtoto fulani auandike, asiye nao aandike alichokula asubuhi, na wote waandike kwa dakika tatu bila kusimama. Kwa njia hiyo hakuna ajuaye nani kasema nini.

Saa sita na nusu, wenzao wakinawa mikono, Burulai na Temirlan walisimama kando ya mlango wa ukumbi wakafungua sanduku. Karatasi ya juu kabisa ilisema hivi: "Msichana wa darasa la tisa ana hofu. Asipande basi la Zarylbek leo. Bwana wa Farasi Kijivu atakuwa naye huko kambini."

Na hapo ndipo Burulai alipokosea. Yeye aliyewafundisha watu wasisome maneno ya mtoto ukumbini, aliyasoma kwa sauti. Sauti ya chini, lakini sauti. Hatua mbili kutoka pale, Kasymaly, naibu mkuu wa shule na mwenyeji wao, alikuwa akimmiminia maji ya mikono kocha Zarylbek. Nurjamal, muuguzi wa shule, alikuwa akipita na birika la chai. Burulai alirudisha karatasi, akabandika utepe mpya, akaliweka sanduku maktaba. "Tule upesi, kisha tuanze," alisema.

Tule kwanza! Miaka kumi na minane iliyopita mwanafunzi wake, Gulsunai, alimshika mkono wa koti siku ya Ijumaa akasema ana jambo. Burulai alikuwa na haraka. Alimwambia, "Tutaongea Jumatatu, mwanangu." Jumatatu kiti cha Gulsunai kilikuwa kitupu, na kikabaki kitupu. Tangu hapo Burulai alizunguka wilaya hadi wilaya akifundisha watu wazima kusikiliza siku ile ile.

Basi la kambi ya michezo lilikuwa liondoke saa tisa kamili. Wasichana kumi na wanne wa darasa la tisa walikuwa wameandikishwa. Burulai hakujua aliyetajwa ni yupi.

"Tulizuie basi," alisema.

"Nimwambie nini mkuu wangu?" Temirlan aliuliza. "Kwamba kuna karatasi, ila haipo? Nipe kitu cha kushika, mwalimu."

"Basi twende tukakishike. Mwizi ni mmoja wa waliosikia, na watu bado wako mezani."

Alirudi ukumbini kwa hatua ndefu. "Jamani, asinyanyuke mtu! Na asiondoe mtu bakuli lake!"

Alitembea taratibu kuzunguka meza. Makombo ya mkate, mifupa ya kondoo, samovari, birika kubwa la kuchemshia maji, ikitoa mvuke pembeni. Chai ya maziwa huko humiminwa kidogo kidogo, funda mbili tatu, ili mgeni ainywe ikiwa moto, kisha amiminiwe tena. Bakuli la Zarylbek lilikuwa tupu. Mabakuli ya walimu yalikuwa na chai kidogo chini, bado yanafuka. Mbele ya Kasymaly bakuli lilikuwa limejaa hadi ukingoni, halijaguswa, na juu yake maziwa yamefanya utando mnene. Burulai alisita pale kidogo, kisha akaendelea.

"Sanduku limevunjwa," alisema. "Kati ya saa sita na nusu na saa saba na robo, nani alitoka humu ndani?"

Vichwa vyote viligeuka upande mmoja.

"Mnanitazamia nini?" Zarylbek alifoka. Alikuwa jitu la mabega, kalpaki yake nyeupe, kofia ndefu ya sufi, imekaa upande. "Nilitoka, ndiyo! Nilikwenda kutazama gurudumu la basi. Au mnataka watoto wapinduke mlimani?"

"Kwa muda gani?" Temirlan aliuliza, kijitabu mkononi.

"Robo saa. Muulize dereva. Kama hajalala, maana huyo hulala hata akiendesha."

Mtu mmoja alicheka, kisha akajutia.

"Kocha," Temirlan alisema, "wewe una farasi wa kijivu."

"Mji mzima unajua. Alishinda mbio za sikukuu ya Nooruzi, na baba yako na punda wake walishindwa."

"Karatasi iliyoibiwa ilimtaja Bwana wa Farasi Kijivu."

Damu ilimpanda Zarylbek usoni, halafu ikashuka. Alisimama hadi kiti kikaanguka.

"Nina mabinti watatu, wewe mtoto! Wasichana wale nawafundisha mieleka ili mtu akiwagusa wamvunje mkono!"

"Nilijua tu," Kasymaly alisema kwa upole akitikisa kichwa. Alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, amevaa koti la safari na kalpaki iliyotariziwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa asimamie kambi. "Sikutaka kusema mbele ya wageni. Mwalimu Burulai, acha polisi wamchukue ndugu yetu huyu taratibu. Kambi nitaiangalia mimi mwenyewe. Watoto wasikose safari kwa aibu ya mtu mmoja."

Temirlan alishika pingu. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro kumi.

"Ngoja," Burulai alisema.

Kuna kitu kilikuwa kikimkera tangu alipoisoma ile karatasi, kama punje ya mchanga kiatuni. Aliyarudia maneno ya karatasi kichwani, neno kwa neno. Asipande basi la Zarylbek. Bwana wa Farasi Kijivu atakuwa naye. Mwandishi alikuwa ameandika jina la Zarylbek wazi, bila hofu. Kwa nini basi katika mstari unaofuata amfiche mtu huyo huyo nyuma ya farasi?

Hakumficha. Walikuwa watu wawili.

Karatasi haina jina, kalamu ni za aina moja, hakuna wa kumwogopa. Hata hivyo kuna mkono uliofika kwenye jina fulani ukakataa kuliandika. Yeye mwenyewe, Burulai, aliujua mkono wa namna hiyo. Ulikuwa mkono wake mwenyewe kwa miaka thelathini.

"Inspekta, rudisha pingu mfukoni," alisema. "Kocha, keti. Nurjamal, mwanangu, wewe ndiye uliyemimina chai. Nani mwingine alitoka?"

Muuguzi alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Alilitazama birika. "Kaka Zarylbek alitoka. Alimaliza chai yake, akafunika bakuli kwa kiganja, akashukuru."

"Na mwingine?"

Nurjamal aliukaza mkono kwenye mpini wa birika.

"Mimi nilikwenda jikoni kuleta mkate," Kasymaly alisema akitabasamu. "Mwenyeji lazima ahangaike. Nilirudi papo hapo."

Walimu waliitikia kwa vichwa. Kweli, walimwona akiingia na kutoka, lakini nani humhesabu mwenyeji? Mwenyeji ni kama mlango, hufunguka na kufungwa.

"Jiko ni hatua kumi kutoka hapa," Burulai alisema. "Papo hapo, umesema?"

"Papo hapo, mwalimu."

"Na chai yako?"

Kasymaly alitazama chini.

"Imeganda utando," Burulai alisema. "Chai ya samovari haifanyi utando kama huo mtu akitembea hatua kumi. Wewe hukukaa mbele ya bakuli hilo kwa muda mrefu. Na kuna jambo la pili. Limejaa hadi ukingoni. Nyote hapa mnajua maana ya kumjazia mtu bakuli."

Mwalimu mzee wa hesabu alikohoa. "Maana yake, ondoka kwangu."

"Mikono ile ile ilimimina mabakuli kumi na mawili," Burulai alisema. "Kumi na moja yalitiwa chai ya adabu. Mikono hiyo haikukosea."

"Chai!" Kasymaly alicheka, kicheko kikakosa pa kushikia. "Mimi ni mtu wa kazi miaka ishirini na tano, na huyu mama ananihukumu kwa chai! Farasi wa kijivu ana mwenyewe, mmesikia wote."

"Farasi wa mbio ana mwenyewe. Lakini mimi nilipoolewa," Burulai alisema, macho yake hayakumwacha, "sikuruhusiwa kutamka majina ya kaka za mume wangu. Nikawatungia mengine. Mmoja alikuwa Mrefu. Mwingine alikuwa Bwana wa Zumari, kwa sababu alipiga zumari siku ya harusi yangu, japo hakuishika tena maishani. Nje ya nyumba yetu hakuna aliyeyajua majina hayo. Ila wao walikuwa wakiyasikia kila siku. Kwa hiyo nikisoma jina kama hilo mlangoni, mtu mmoja tu ndiye ajuaye kuwa ametajwa yeye. Na anajua pia nani aliyemtaja."

Aliishia hapo. Alijua jina la mwandishi kama alivyojua lake, lakini halikuwa lake kulisema. Hilo lilikuwa somo la siku ya kwanza: anayetoa habari ndiye mwenye habari.

Zarylbek alisimama tena, safari hii polepole. Alipindua mifuko ya suruali nje. Akavua koti, akalikung'uta. Mwisho akavua kalpaki yake, kitu ambacho hakuna mwanamume wa huko angekubali kivuliwe na mwingine, akaipindua mezani ndani nje.

"Haya, naibu mkuu. Mimi nimevua. Wewe sasa."

"Siwezi kudhalilishwa mbele ya..."

"Vua, ndugu yangu. Au kichwa kina baridi?"

Mkono wa Kasymaly ulipanda kushika ukingo wa kalpaki, si kuivua, bali kuikandamiza. Kila mtu aliuona. Saa nane na dakika kumi.

Ndipo birika lilipowekwa mezani kwa kishindo.

"Kasymaly," Nurjamal alisema.

Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. "Kasymaly! Jina lake ni Kasymaly. Ni kaka wa mume wangu. Alikuja kwenye harusi yangu juu ya farasi wa kijivu wa kuazima. Tangu muhula wa kwanza anampa msichana mmoja zawadi na kumwambia asiseme nyumbani. Kila siku ya zamu ya shemeji shuleni ikifika, mtoto ananijia akisema tumbo linamuuma. Tumbo haliumi. Nililiandika jambo hilo mara kumi kichwani, na kila nikifika kwenye jina mkono unakataa."

"Nyamaza! Utaiangusha nyumba ya mume wako!"

"Wewe ndiye uliyeiangusha, shemeji. Mimi nimefungua dirisha tu."

Temirlan alinyoosha mkono akamvua kalpaki, hakuuliza tena. Ndani ya bitana ya kalpaki iliyotariziwa palikuwa na karatasi imekunjwa mara nne.

"Nilitaka kumwonyesha mdogo wangu," Kasymaly alisema, sasa akiongea upesi upesi. "Ajue mke wake anaandika nini juu ya ukoo. Ni mambo ya nyumbani haya! Na yule mtoto, nani angemwamini? Nilimsaidia. Hana baba. Angepaswa kunishukuru!"

"Ndiyo maana ulimchagua," Burulai alisema. "Kwa kuwa hana baba."

Pingu zililia mara mbili mikononi mwa Kasymaly, na Temirlan akapiga simu wilayani. Safari hii alikuwa na la kumwambia mkuu wake.

Pembeni, Nurjamal alimnong'oneza Burulai jina la mtoto. Ayperi.

Walimkuta uani, ameketi juu ya begi lake mbali na wenzake, magoti yamekutana. Burulai aliinama hadi macho yao yakalingana. Hakumshika. Hakumhoji.

"Ayperi, mimi naitwa Burulai. Naibu mkuu haendi kambini. Si leo, wala kesho. Amechukuliwa na polisi. Kuna watu wazima wamekuamini kabla hujasema lolote, na hukukosea kitu. Siku utakayotaka kuongea, kuna mama mmoja aliyesomea kazi hiyo, atakusikiliza mara moja tu, hutarudia kwa kila mtu. Mama yako anapigiwa simu sasa hivi. Leo huulizwi kitu. Ukitaka kurudi nyumbani, Nurjamal atakusindikiza."

Msichana alimtazama, akamtazama Nurjamal, akalitazama basi ambalo Zarylbek alikuwa akilizunguka akipiga magurudumu teke na kumtukana dereva.

"Haendi kabisa?"

"Kabisa."

"Na kambi ipo?"

"Ipo. Muuguzi na walimu wawili wa kike watakwenda nanyi."

Ayperi alisimama. Alipiga hatua moja ndogo, kama mtu anayejaribu mguu uliokuwa umefungwa bendeji. Kisha akalinyakua begi.

"Niongee na mama kwanza," alisema. "Halafu mwambieni kocha aniwekee kiti cha dirishani. Mwaka huu naitaka medali yangu!"