Robo ya Mahindi

"Dada, hilo gunia ukilichana kwa kisu, utalishona mwenyewe."

Khairat aliinua macho. Ilikuwa saa nne asubuhi na soko la Chilonjelo lilikuwa limechemka: makuli wakipanda ubao wa lori na magunia mabegani, madalali wakiitana kwa miluzi, vumbi la mahindi likitua kwenye nyusi za watu. Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati la drafti limenyooshwa kwa pasi kuliko soko lile lilivyostahili, na bambo la bati limechomekwa mkandani kama jambia.

"Nina kibali," alisema Khairat, akitengeneza mtandio wake wa kijivu.

"Kibali sijakikataa. Nimekataa kisu." Kijana alichomoa bambo, akalichoma gunia ubavuni, punje zikateremkia kiganjani mwake. Alipolitoa alisugua tundu kwa kidole, nyuzi zikarudi mahali pake. "Umeona? Gunia halijui hata kama limeguswa."

"Nahitaji gramu mia tano, kutoka sehemu tatu za gunia."

"Gramu! Unapika uji wa mtoto?"

"Natafuta sumukuvu. Ni sumu ya ukungu kwenye nafaka. Haionekani kwa macho, na inaharibu ini."

"Na sauti hiyo ya Kikondoa umeitoa wapi?"

"Kondoa," alijibu Khairat, na kicheko kikamponyoka.

Kijana aliitwa Hamidu Jaha, dalali, naye wa Kondoa. Hadi adhuhuri walikuwa wamechukua sampuli arobaini kwenye magunia. Kisha akampeleka langoni, walikoketi wanawake kumi na wawili juu ya mikeka, kiongozi wao Bi Mwajabu. Chilonjelo ilikuwa na desturi yake: gunia halikupanda mizani kabla ya kupita mikononi mwa wanawake hao. Waliondoa punje zilizopasuka, zilizotobolewa na zilizoingia weusi, wakazitupa kwenye shimo la kuchomea taka.

"Chukua na za shimoni," alisema Hamidu. "Wenzako huko maabara waone tunachokitupa."

Alichukua ishirini.

Wiki hiyohiyo, baada ya magharibi, simu yake ililia.

"Daktari, punje zangu zimelalaje?"

"Ziko kwenye jokofu. Na mimi bado sijawa daktari."

"Utakuwa. Nisomee unachoandika."

Khairat alisoma kwa sauti ya mkutanoni: "'Uchafuzi wa nafaka ni changamoto mtambuka...'"

"Simama hapo. Mtambuka ni nani? Amehamia lini?"

Alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Tangu siku hiyo ikawa kazi yao. Kila jioni alimsomea aya moja, naye Hamidu akamsimamisha palipokuwa na giza: hapa sijaelewa, hapa umeniringia, hapa umesema mara mbili. Hakuna mwalimu aliyewahi kumfundisha kuandika kwa namna ile. Kati ya aya na aya palipita maneno mengine. Daktari ikawa daktari wangu, daktari wangu ikawa mpenzi. Kufikia Septemba wazee wa Hamidu walikuwa wameshatuma salamu nyumbani kwa kina Khairat, kwamba Jumamosi ya pili ya Desemba wangekuja kuposa.

Ripoti ya wataalamu aliiandika kwa Kiingereza. Hamidu alitaka kujua jedwali lake linasema nini.

"Mistari miwili tu, mpenzi. Mahindi yaliyochambuliwa: sampuli arobaini, mbili zimevuka kiwango. Yaliyotupwa shimoni: sampuli ishirini, kumi na tatu zimevuka."

"Kwa hiyo kina Bi Mwajabu wanafanya kazi ya maabara. Bila koti jeupe."

"Ndivyo takwimu zinavyosema."

"Takwimu zina adabu."

Mwezi wa kumi na moja Khairat alipelekwa Hombolo, kwenye mafunzo ya siku tano ya kuandika sayansi kwa wananchi. Mkufunzi, Silvano, alikuwa amehariri magazeti miaka ishirini na hakuwa na subira na wasomi.

"Msomaji wa gazeti anabeba namba moja," alisema, akigonga ubao. "Mwongezee ya pili, ataziangusha zote. Mtaalamu anataka kujua ulifikaje. Mwananchi anataka kujua umefika wapi. Makala zenu nazitaka alasiri."

Khairat aliandika, akafuta. Jedwali lilikuwa na namba nne. Akajumlisha. Sampuli sitini, zilizovuka kiwango kumi na tano. Kumi na tano kati ya sitini ni robo. Hesabu haikuwa na kosa popote.

"Robo!" Silvano alipiga kofi mezani. "Hiyo ndiyo namba! Ingia nayo kwenye sentensi ya kwanza."

Jioni hiyo Khairat hakumsomea Hamidu. Alimwambia tu kwamba makala imekubaliwa, atamshangaza nayo.

Ilitoka gazetini Jumatatu, jina lake likiwa juu: ROBO YA MAHINDI CHILONJELO INA SUMU. Jumanne redio tatu ziliisoma. Ijumaa malori yalikuwa yakipita Chilonjelo bila kupunguza mwendo, yakienda kupakia Kibaigwa.

Hamidu alipiga siku hiyo.

"Khairat." Hakusema daktari. "Robo ya nini?"

"Ya sampuli zote. Za magunia na za shimoni."

"Umezichanganya?"

"Jumla ni sahihi, Hamidu. Unaweza kuihesabu."

"Na kwenye ile ya Kiingereza ulizichanganya?"

"Hapana. Kule kuna jedwali."

"Kumbe. Wenzako wana jedwali. Sisi tunaoyavuna na kuyala tumepewa robo." Akashusha pumzi. "Watu huku wanasema ulinishika mkono ili uingie sokoni. Niambie niwajibu nini."

"Waambie si kweli."

"Waambie wewe. Si unajua kuandika?"

Simu ikakatika.

Kesho yake alfajiri Khairat aliandika masahihisho. Safari hii aliweka namba zote nne, akaeleza mikeka, mikono na shimo, na kwamba habari yenyewe tangu mwanzo ilikuwa hiyo: uchambuzi wa wanawake wale ulikuwa umeondoa sehemu kubwa ya sumu. Gazeti lilimkalisha siku tisa, kisha likayachapa ukurasa wa kumi na tisa, chini ya tangazo la matangi ya maji.

Akalikunja, akaenda nalo Chilonjelo. Mizani ilikuwa imefunikwa turubai. Bi Mwajabu, kiongozi wa wachambuaji, alikuwa ameketi mkekani na wenzake watatu. Mbele yao hapakuwa na gunia hata moja.

"Shikamoo, Bi Mwajabu."

"Marahaba, Daktari wa Robo. Umefuata robo iliyobaki?"

Wenzake walicheka, wala si kwa furaha. Khairat alisimama juani akawasomea masahihisho yote. Walimsikiliza bila kumkatiza.

"Yamenyooka," alisema Bi Mwajabu alipomaliza. "Sasa kayasome kwa wenye malori. Sisi hatukuwa na shaka na mikono yetu." Alimtazama kidogo, sauti ikalegea. "Hamidu yuko Kizota. Anasaga unga wa watu."

Alimkuta nje ya kinu, kope nyeupe kwa unga, shati la drafti limechakaa na halijapigwa pasi. Injini ilikuwa ikinguruma ndani. Ilibidi wasogee hadi ukutani ndipo wasikilizane.

"Nimeyasoma masahihisho," alisema Hamidu. "Kila sentensi nimeielewa. Hakuna mtambuka."

Khairat alitabasamu kwa woga. "Basi Jumamosi..."

"Wazee wamesusa. Hilo si tatizo, wazee hubembelezwa, na nilishajiandaa kuwabembeleza. Nina swali moja tu, mpenzi." Neno hilo lilimgusa Khairat kuliko alivyotaka. "Kila ulichoandika ulinisomea. Kile kimoja kwa nini hukunisomea?"

Majibu yalikuwepo. Muda ulikuwa mfupi. Mtandao wa Hombolo unasumbua. Alitaka kumshangaza. Kila moja lilikuwa na ukweli wa kutosha kusimama peke yake, na Khairat aliyapima yote kabla ya kufungua kinywa.

"Kwa sababu ungeuliza robo ya nini," alisema. "Na mimi nilikuwa nimeshaipenda ile namba."

Hamidu alitikisa kichwa polepole.

"Ungesema mtandao, ningekuamini."

"Najua."

"Ulijua, Khairat. Mkufunzi hakujua, mhariri hakujua. Wewe ulijua." Alijifuta uso kwa mkono, unga ukaenea zaidi. "Nakupenda, sikufichi. Lakini nikikuoa, kila utakachoniambia nitatafuta ulichokificha. Huo si unyumba, ni ukaguzi."

"Hamidu wangu, niulize chochote. Nitakujibu chote, kila siku."

"Nishakuuliza. Umenijibu vizuri sana." Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, kama mtu anayetoa pole msibani, kisha akarudi ndani kwenye injini.

Khairat alivuka barabara. Kabla hajafika kituoni, baba yake, Mzee Abdulswamadu, akapiga kutoka Kondoa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako anaulizia mchele wa wageni, apike kiasi gani Jumamosi?"

"Asipike, baba. Hawaji. Hamidu ameniacha, na kosa ni langu. Niliandika jambo nikijua litapotosha watu."

Kisha akamsikia mama yake kwa mbali: "Anasemaje?"

Na sauti ya baba, imegeuzwa pembeni, laini: "Anasema wageni wameahirisha kidogo."

Khairat alifumba macho.

"Baba," alisema, "mpe mama simu."