Jumanne ya Mzee Tan

Kila Jumanne Mzee Tan Delu alichemsha jiaozi, vifuko vya unga vyenye yai na majani ya vitunguu ndani, akazitia kwenye chupa ya kutunza joto. Kisha aliendesha gari kuvuka Beijing hadi nyumba ya wazee, kumlisha mkewe. Peizhi alikuwa amesahau mambo mengi. Siku nyingine wauguzi walimlisha, lakini Jumanne alikataa chakula chao cha mchana. Siku hiyo alikula kwa mkono wa mumewe tu.

Njiani Mzee Tan alizungumza na kiti kitupu kilichokuwa kando yake. Nyumbani hakuwa na wa kuzungumza naye. Upweke ulimkaba hasa.

Jumanne moja saa mbili asubuhi, jirani yake Bi Nie alimsimamisha uani. Alivaa kitambaa chekundu mkononi, maana alijitolea kusaidia kamati ya mtaa.

"Mzee Tan, gari unalipeleka wapi?"

"Kwa Peizhi. Namba ya gari langu inaishia na tatu. Siku yangu ya kutoendesha ni Jumatatu, na jana nililipumzisha."

"Jana ulilipumzisha bure. Zamu zimebadilika. Namba za tatu na nane sasa zinapumzika Jumanne."

"Nani amebadilisha?"

"Hubadilika kila baada ya wiki kumi na tatu, ili mzigo usimwangukie mtu mmoja daima. Mbona tangazo liko kwenye ubao wa mtaa?"

"Sisimami pale. Nikisimama, watu wananiuliza habari za Peizhi."

Bi Nie aliitazama chupa ya jiaozi.

"Nitakwenda hivyo hivyo," Mzee Tan alisema. "Nisipofika, atashinda na njaa."

"Kamera hazijui njaa ya mtu. Zitakupiga picha, na faini itakufuata. Sikiliza. Marufuku ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku, ndani ya barabara ya tano inayozunguka jiji. Jumamosi, Jumapili na sikukuu unaendesha utakavyo. Tukitoka wote siku moja, barabara zinaziba na moshi unatumaliza."

"Na leo?"

"Leo panda treni ya chini ya ardhi. Au miguu nayo ina zamu?"

Mzee Tan alitaka kununa, akashindwa.

Bi Nie alimwandikia vituo kwenye karatasi, akamwonyesha pa kuangalia zamu kwenye simu yake. Ndani ya treni kijana mmoja alimpisha kiti. Mama aliyekaa jirani alinusa chupa.

"Hizo ni za majani ya vitunguu. Unampelekea nani?"

Mzee Tan hakupenda swali lile. Lakini mama alisubiri, naye akajibu. Akaeleza mpaka vituo vinne vikapita. Alifika mapema kuliko alivyozoea kufika kwa gari, jiaozi zikiwa moto, na Peizhi akala.

Wiki kumi na tatu zikapita. Safari hii Mzee Tan alisoma tangazo siku lilipobandikwa, akajibu salamu za watu wote. Namba tatu ilihamia Jumatano. Jumanne gari lilikuwa huru, lakini alilifunga akaenda kituoni.

Peizhi alimtazama akifungua chupa.

"Umekuja na nani?" aliuliza.

Kwa miaka miwili Mzee Tan alikuwa amelijibu swali hilo kwa maneno mawili: peke yangu.

"Nimekuja na watu wengi," alisema. "Kula, nikusimulie."