Nyuzi Arobaini na Mbili

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alipanda hadi kwenye chemchemi ya maji moto, akatumbukiza kipimajoto, akaandika nyuzi joto daftarini. Kazi hiyo ilikuwa ya mama yake, mpimaji wa kituo cha volkano, lakini mama alikuwa amevunjika mguu. Jina Chiriku alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Wiki ya pili uvivu ukamwingia. Kilima kilikuwa kikali, na namba ilikuwa ileile kila siku: arobaini na mbili. Basi siku nne mfululizo aliandika arobaini na mbili akiwa amekaa kitandani.

Siku ya tano mtaalamu wa kituo alibisha hodi, uso umemsawijika.

"Dada, ardhi inavimba," alimwambia mama. "Lile hodhi la miamba iliyoyeyuka chini ya mlima, nahofia linajaa. Lakini joto la chemchemi yako limetulia tuli! Nikihamisha mji mzima bure, nani atanisikiliza tena? Na nisipowahamisha..."

Chiriku alilificha daftari mgongoni.

"Mwanangu, mbona kimya leo?" mama akauliza.

"Nisamehe, mama. Sikwenda kupima. Namba nilizitunga."

Hakuna aliyemgombeza, hapakuwa na muda. Mtaalamu alikimbia naye hadi chemchemini. Kipimajoto kilipanda, kikapanda, mpaka sitini na nane.

"Mjomba, hatuwezi kulizuia hilo hodhi lisipasuke?"

"Hakuna binadamu awezaye. Letu ni kujua mapema na kuondoka."

Kabla ya jua kuzama mji ulikuwa mtupu. Mama alibebwa kwa machela. Siku mbili baadaye, wakiwa ng'ambo ya bonde, waliuona mlima ukipasuka. Zaha, ule uji wa moto wa miamba, iliteremka polepole, ikameza shule, ikameza soko, ikaifikia nyumba yao. Watu wazima walisimama mikono kichwani. Chiriku alilia mpaka sauti ikamkauka. Walipohesabiwa, hakukosekana hata mtu mmoja.

"Nyumba ingekwenda tu, hata ungepima kila siku," mama alimwambia akimfuta machozi. "Mlima hauombwi radhi. Lakini siku nne watu wote hawa walilala juu ya uongo wako bila kujua. Umeungama kabla maji hayajazidi unga, ndiyo maana wako hai. Ukiaminiwa kazi, mwanangu, ifanye hata kama hakuna anayekutazama."